Vidole vya Mama na Mrehani wa Mlimani

Niliporudishwa kijijini kwetu kufanya kazi ya bibi shamba, nililia njia nzima. Nilikuwa nimezoea Same mjini, penye banda la video na chipsi za jioni, na sasa nilikuwa nimepewa madaftari mawili, baiskeli isiyo na mnyororo na barua ya kunipandisha mlimani, saa moja na nusu kwa miguu kutoka soko la Myamba. Baiskeli yenyewe niliisukuma. Mama alinipokea kwa vigelegele, akaninyang'anya mzigo, akaanza kunieleza ni saa ngapi natakiwa kuwa nimerudi nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Ilikuwa miaka ile foleni za sukari zimekwisha. Sukari ilijaa madukani, na mafuta, na sabuni za rangi zote, ila hela ya kuvinunulia ndiyo ilikuwa haionekani. Kahawa ilikuwa imeporomoka bei mpaka watu wanaona uvivu hata kuichuma. Serikali nayo ilikuwa inapunguza watumishi, na sisi tuliobaki tulitembea kwa unyenyekevu, kila mmoja anaogopa kuitwa ofisini. Ndipo akatokea mnunuzi mmoja kutoka Moshi, na pikapu yake nyeupe, akitafuta wakulima wa mrehani.

Mlimani kwetu mrehani tuliujua kwa sifa tu. Ulikuwa mmea wa watu wa pwani, wa kuchomeka kwenye nywele za bibi harusi. Huyu bwana alitaka majani yake, yakaushwe kivulini, yeye atayapeleka anakojua. Wanaume walicheka. Walisema wao hawawezi kulima majani ya kunusa. Akina mama hawakucheka. Walitwaa vile vishamba vya kando ya mifereji ambavyo waume zao walikuwa wamevikatia tamaa, wakapanda, na baada ya miezi michache kijiji kizima kilinukia kama harusi. Nikiwa napita asubuhi kwenye vijia vile, umande bado uko majanini, nilianza kusahau chipsi.

Akina mama waliunda kikundi, na kuvuna kulifanywa kwa pamoja. Kwetu kazi ya umma inaitwa msaragambo: pembe inapigwa, watu wanatoka kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Akina mama walilichukua jina hilo wakalipachika kwenye mrehani. Leo wote wako kwa fulani, kesho kwa mwenzake, mpaka mzunguko uishe. Na kama ilivyo desturi yetu, haianzi kazi kabla mama mkubwa kuliko wote hajaifungua kwa mkono wake. Huyo alikuwa mama yangu. Aliingia shambani peke yake, akapita tuta la kwanza akichuma vichwa vya mimea kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, anaonyesha urefu unaotakiwa, kisha akageuka na kusema, "Haya, ingieni." Alifanya hivyo kila shamba, na alijiona, acha tu. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya, lakini sidhani kama kuna kitu kilichompa raha kuliko lile tuta la kwanza.

Mmoja tu ndiye aliyevuna peke yake. Alikuwa mke wa kijana mmoja wa ng'ambo ya kijito, aliyemleta kutoka kijiji cha Bendera bila kupita kanisani. Wazazi wake walikuwa wametoka Kigoma kuja kukata mkonge huko tambarare, wakazeekea huko. Hakujua Kichasu, lugha yetu, hata cha kuombea maji. Alikuwa kwenye kikundi kwa sababu mumewe alimwandikisha, lakini ikifika zamu yake, mara mvua, mara kijito kimejaa, mara kuna msiba. Hakuna aliyesema kwamba hatumtaki. Tulikuwa tu hatuendi. Nami nasema "tulikuwa" kwa sababu nilijua na nilinyamaza, maana mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama mkali na mimi nilikuwa natafuta maisha ya amani.

Baada ya mvuno wa pili mrehani ukaanza kuugua. Majani yalitoka na mabaka, kijani huku, njano kule, kisha yakajikunja pembeni na kudumaa. Mimi, kwa kujiamini kwangu kwa mtu mwenye cheti, nilitangaza kwamba ardhi ina njaa. Nikawaamuru waweke samadi. Wakaweka. Walibeba samadi mgongoni kupanda ile milima, wanawake wazima, wengine wajukuu wanawasubiri nyumbani, na mrehani ukazidi kuwa na mabaka, ila sasa mabaka yenye afya. Mnunuzi alikuja, akashika jani, akalirudisha chini taratibu. Alisema atarudi baada ya miezi miwili, na akikuta hali ni hiyo, hatarudi tena.

Shamba moja tu lilibaki zima, na kila mtu alijua ni la nani.

Maneno hayakuchelewa. Kwanza yalisemwa kisimani, halafu mlangoni mwa kanisa, halafu mama mkwe wake mwenyewe akayasema mbele yangu bila aibu: huyu mwanamke ameleta kitu kutoka mkongeni, kwani ni vipi sisi wote tunakufa njaa na yeye majani yake yanameremeta? Mwenyekiti akaitisha mkutano wa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ajenda ilikuwa moja: kumwondoa kwenye kikundi. Na mama mkwe alikwisha sema kwamba mwanamke akishaondolewa na wenzake, yeye naye hana sababu ya kumweka, arudi kwao.

Nilikwenda kumwona. Nilimkuta anasuka mkeka, anajifanya hana habari. "Dada," aliniambia, "mimi nguo zangu nimeshafunga. Ila nisaidie kitu kimoja. Niambie nimefanya nini, ili nikiulizwa nyumbani nijue la kusema." Niliondoka pale nina hasira, na nyingi zilikuwa hasira za kujichukia.

Jioni hiyo nilichukua daftari nikaandika mashamba yote kwa mpangilio ambao ugonjwa ulionekana: lipi lilianza, lipi likafuata. Nilipomaliza nikaona kitu ambacho mtu yeyote asiye na cheti angekiona mapema. Mpangilio ule ulikuwa ndio mpangilio wa msaragambo wetu. Ugonjwa ulitembea kutoka shamba hadi shamba kwa miguu yetu wenyewe, na haukuvuka kijito kwa sababu sisi hatukuvuka. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mama akauliza kulikoni.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja wa magonjwa ya mimea, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililotoboka kiwiko. Alitufundisha kwamba kuna magonjwa yasiyotokana na ukungu wala wadudu, bali na virusi, vidogo kuliko jicho la darubini yetu, na kwamba mtu akikosa maabara anaweza kuuliza mmea mwingine. Unaponda jani linaloumwa, unalipaka kwenye jani la mmea unaojulikana kwa wepesi wa kuonyesha dalili, pamoja na mchanga laini wa kulikwaruza kidogo, unasubiri. Virusi vikiwemo, yanatokea madoa. Mmea wake alioupenda ulikuwa mnanaha, ule wenye majani yanayonuka na matunda ya miiba, unaoota majalalani, ambao kila mtoto wa Same anaonywa asiuguse kwa kuwa mbegu zake zinalevya na kuua.

Kesho yake nikarudi nyumbani na miche mitatu ya mnanaha, nikaipanda kwenye makopo matatu ya maziwa ya unga.

"Umepanda nini kwenye makopo yangu?" mama aliuliza.

"Mnanaha, mama."

"Serikali imekusomesha miaka yote ile," alisema, "ili uje kupanda sumu kwenye kizingiti changu." Kisha akaendelea kwa Kichasu, na hayo siyaandiki.

Nilichekecha mchanga kwa kitambaa cha khanga, nikanawa kwa sabuni mpaka mikono ikaniuma. Kopo la kwanza nililipaka maji ya mrehani wenye mabaka. La pili nililipaka maji ya mrehani wa yule dada wa Bendera. La tatu nililipaka maji matupu na mchanga, ili kama nalo likitoa madoa nijue kosa ni langu. Makopo mawili nikayafunika kwa tenga. La tatu halikuenea, likabaki nje kwenye kizingiti. Nikafunga safari ya Myamba, maana ilikuwa siku ya soko.

Siku ya nne asubuhi nilifunua tenga. Kopo la kwanza lilikuwa na madoa, mengi, ya kahawia, ya mviringo, safi kabisa kama ya kuchorwa. Niliruka. Naapa niliruka, na baiskeli ikaanguka. La pili halikuwa na hata doa moja: shamba la yule dada lilikuwa zima kweli. Nikageukia la tatu, lile la maji matupu, tayari kwa kushangilia. Lilikuwa na madoa tele.

Nilikaa chini pale pale. Ikiwa maji matupu yanatoa madoa, basi jaribio zima ni takataka, na Alhamisi ilikuwa imebaki siku sita. Lakini mchanga ulikuwa ule ule wa kopo la pili, na maji yale yale, na la pili lilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kimegusa la tatu peke yake.

"Mama, kuna mtu aliligusa kopo hili?"

"Nililisafisha," alisema, anachambua maharage. "Ulilipaka michanga ukaliacha hivyo hivyo kizingitini, wageni wapite waone. Nikayafuta majani. Jani kwa jani."

"Kwa nini? Kwa kitambaa?"

"Kwa mikono. Nina kitambaa cha kufutia sumu mimi?" Akapiga chafya. Akapiga tena.

Mama yangu alikuwa na mafua kwa miaka mingi. Yalikuwa mafua ya baridi, alisema, ingawa yalikuwepo hata Februari jua linapochoma. Nami nikiwa nimemkodolea macho pale kwenye maharage, nikamkumbuka mwalimu wetu, jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni mwa banda la mimea kuwazuia wanafunzi wavuta sigara. Alikuwa anasema kuna ugonjwa wa tumbaku unaokaa kwenye majani yake hata yakiwa yamekauka miaka, hata yakiwa yamesagwa, na unasafiri kwa vidole.

"Mama," nilisema polepole, "unanusa ugoro?"

Alikataa. Alikataa akiwa amekaa, akakataa akiwa amesimama, akaniuliza kama nimesahau yeye ni nani pale kanisani, na alichokwisha kusema mchungaji kuhusu tumbaku. Akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alifungua fundo la khanga yake, akaweka juu ya maharage kikopo kidogo cha bati kilichong'aa kwa kushikwa.

"Tangu alipofariki baba yako," alisema. "Hii ni ya mimi na wewe tu."

Nilimwahidi. Nikapanda mnanaha wa nne, nikaupaka ugoro wenyewe uliolowekwa, na siku ya Jumatano madoa yalikuwa pale pale, ya kahawia, ya mviringo, ndugu wa yale ya kopo la kwanza. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tena katika kazi ile. Sikuwa na umeme, sikuwa na dawa hata moja, na nilikuwa nimeuona ugonjwa wa tumbaku kwenye mrehani. Miezi kadhaa baadaye nilimtumia mwalimu majani yaliyokaushwa ndani ya gazeti, na alinijibu kwamba amerudia jaribio, ni wenyewe, na kwamba kwenye mrehani yeye hajapata kuuona wala kuusoma popote. Ile barua ninayo mpaka leo.

Lakini Alhamisi niliingia mkutanoni na mdomo umefungwa. Niliweka makopo mezani. Niliwaeleza kwamba ugonjwa unatembea kwa mikono, nikawaonyesha mpangilio wa mashamba. Nilikwepa neno virusi kwa sababu wakati ule watu walilijua kwa ugonjwa mmoja tu, na ulikuwa umetufanya tuzike wengi. Lilinitoka hata hivyo. Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama mrehani wake utamwambukiza mwanawe. Nikamwambia hapana, huu ni wa majani, hauna habari na watu, na akashusha pumzi iliyosikika mpaka nyuma.

Mwenyekiti hakutikisika. "Mikono ya nani?" aliuliza. "Mikono hii imelima mlima huu tangu wakoloni. Haikuwahi kuua jani. Sasa bibi shamba anatuambia sisi wenye mashamba ndio wachawi, na mwenye shamba zima ndiye malaika. Huo ugonjwa ulitoka wapi kuja mikononi mwetu? Jibu hilo tu."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa safu ya mbele, limevaa kitambaa cha kanisa. Nilitazama sakafu. Yule dada wa Bendera alikuwa mlangoni, hakukaa hata kwenye benchi, na mwenyekiti akasema basi, wanaokubali aondolewe wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja, kwa kusitasita.

Mama alisimama. Nilidhani anatoka nje. Alikwenda hadi mezani, akafungua fundo la khanga, akaweka kile kikopo katikati ya makopo yangu ya mnanaha.

"Ulitoka hapa," alisema. "Nanusa ugoro, miaka kumi na moja sasa. Kisha nakwenda kuwafungulia kazi kwa vidole hivi. Nimechuma tuta la kwanza kwa kila mmoja wenu isipokuwa kwa huyu mtoto hapo mlangoni, kwa sababu sikutaka kwenda kwake. Nilimbagua, na kumbagua huko ndiko kulikomponya. Kama kuna mtu wa kuondolewa, niondoeni mimi."

Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, kwa aibu na kwa fahari, sijui ipi ilitangulia. Nilidhani watataka mchungaji aitwe. Badala yake, bibi mmoja wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliyekuwa na mkono bado uko juu, aliushusha akautia kwenye fundo lake mwenyewe. Akatoa kikopo. "Mama mzee wa kanisa," alisema, "ungesema mapema tungekuwa tunanusa pamoja." Wa pili akatoa cha kwake, kimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Wa tatu. Mwenyekiti aligeuka akatazama dirishani kwa muda mrefu, halafu naye, Mungu anisamehe, akapiga chafya.

Kicheko kile sijakisikia tena mahali popote. Wanawake walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Kura haikuhesabiwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka ilikuwa inahusu nini.

Tuling'oa mashamba yote yenye mabaka tukayachoma, na hilo liliuma. Mbegu tulichukua kwa yule dada. Alizigawa kwa vikombe vya chai. Mimi nilitoa sheria zangu: ugoro ubaki nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni, na kabla ya kugusa mrehani ichovywe kwenye maziwa, kwa kuwa mwalimu alitufundisha kwamba maziwa yanaukata ugonjwa ule makali. Maziwa! Mama alilalamika wiki nzima kwamba hata sherehe za kipaimara hatukunawa maziwa. Lakini alibeba kibuyu yeye mwenyewe. Na sheria ya mwisho ilikuwa kwamba mzunguko wowote unaanzia shamba lililo zima kabisa, kisha ndiyo unakwenda kwenye mengine.

Lilikuwa moja tu. Siku ilipofika, kabla ile miezi miwili ya mnunuzi haijaisha, tulivuka kijito tumeshika sketi, mama mkwe wake akiwa katikati yetu anatazama miguu yake. Kwetu, mwenye shamba huwapikia wavunaji. Tulipotokea juu ya ukingo tulimkuta uani na masufuria matatu ya makande jikoni, moja la kuazima kwa jirani, na beseni moja amelifunika kwa sinia, na ametandika mikeka mpaka chini ya migomba. Chakula kile kingetosha watu sitini. Mwenyekiti alimcheka, akamwuliza kwani anaozesha.

"Sikujua mko wangapi," alisema yule dada.

Alikuwa ameishi nasi mwaka na nusu. Mama yangu ndiye aliyemsogelea, mikono bado inadondosha maziwa, akamwambia tuko ishirini na tatu, na kwamba huyo wa ishirini na tatu ni yeye. Tulikula mpaka tukashindwa. Yaliyobaki tuliyabeba kila mtu kwake, na mrehani tulianza kuuchuma saa nane mchana.